Umri wa Michoro ya Kolo na Ushahidi wa Simulizi

Kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha, pana kijiji kiitwacho Kolo. Vilima vilivyo karibu nacho ni sehemu ya mteremko mrefu unaoshuka kuelekea Bonde la Ufa, na katika miamba yake mna mahali pengi ambapo jabali limechomoza mbele mfano wa paa, likaacha nafasi ya watu kuketi chini yake. Watu huyaita mapango, ingawa mengi si mapango hasa, maana mwanga huingia mpaka ukutani. Kuta hizo zimechorwa. Wamo twiga, pofu na tembo. Wamo na watu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa, kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu. Pengine juu ya michoro hiyo imewekwa mingine, minene na myeupe, ambayo yaonekana kupakwa kwa kidole wala si kwa brashi. Mahali mashuhuri kuliko pote ni Mungomi wa Kolo, ambapo pia, hadi leo, watu huenda kutambikia mvua na kutafuta uponyaji.

Mgeni afikaye hapo huuliza kwanza michoro ina miaka mingapi. Akiwauliza wasomi hujibiwa kwa maelfu, na maelfu hayo hutofautiana sana kwa kadiri ya msomi aliyeulizwa. Akiwauliza wenyeji huambiwa kwamba mahali pale pamekuwapo tangu zamani za wazee, na kwamba wazee walipakuta palivyo. Aghalabu majibu haya mawili huwekwa mkabala kama mashahidi wawili wanaogombana, na hakimu, ambaye mara nyingi ni mtu aliyesoma, humpa ushindi yule aliyetaja tarakimu. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba hawagombani, kwa sababu hawaulizwi jambo moja. Mchimbuzi hujua umri wa udongo ulio chini ya mchoro. Msimulizi hujua habari za watu walio mbele ya mchoro. Mchoro wenyewe umo katikati, na hakuna hata mmoja wao aliyeupima.

Inafaa kuanza na wachimbuzi, maana kazi yao ni ndefu na imeandikwa. Mwaka 1929 T. A. M. Nash, mtaalamu wa mbung'o aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, aliandika habari fupi za michoro iliyoonekana karibu na Kondoa Irangi. Mwaka 1935 Louis Leakey na Mary Leakey walifika huko. Mary alirudi mwaka 1951 kunakili michoro hiyo kwa bidii kubwa, na nakala zake zilikuja kutolewa katika kitabu mwaka 1983. Mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa toleo zima juu ya michoro ya miambani. Kisha mwaka 1956 Ray Inskeep akachimba katika pango liitwalo Kisese II, lililo katika eneo hilohilo la Kondoa, na humo ndimo ulimopatikana msingi wa hesabu karibu zote zilizofuata.

Kisese II lina udongo wenye kina cha meta sita na zaidi, na tabaka zake zimepangana tangu nyakati za kale sana hadi za karibuni. Mlikuwamo zana za mawe, vipande vya ngeu (yaani udongo mwekundu wa kupakia), na shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni. Ganda hilo lina kaboni, kwa hiyo laweza kupimwa umri. Vipimo vya kwanza, vya miaka ya 1960, vilitoa umri wa miaka kama 18,000 kwa sehemu moja na zaidi ya miaka 31,000 kwa nyingine. Mwaka 2018 Christian Tryon na wenzake walichapisha vipimo 29 vya maganda yaliyohifadhiwa tangu uchimbuzi ule wa 1956, wakaonyesha kwamba mfululizo wa tabaka unarudi nyuma hadi kiasi cha miaka 47,000, na kwamba shanga za mbuni zilikuwapo Kisese kati ya miaka 46,000 na 42,000 iliyopita. Shanga na vipande vya shanga vilivyotoka katika pango hilo vyapita 5,000. Hii ni kazi safi, na tarehe zake hazina mzaha.

Lakini ni tarehe za shanga. Rangi nyekundu ya ukutani asili yake ni madini ya chuma, nayo haina kaboni ya kupimwa. Na kama mchoraji aliichanganya na mafuta, damu au utomvu ili ishike, vitu hivyo vimekwisha kuliwa na jua na vijidudu, au vimebaki kidogo mno. Kwa hiyo walitokea watu waliosema hivi: ngeu imeonekana katika tabaka za zamani za Kisese, ngeu ndiyo rangi ya michoro, basi michoro ni ya zamani kama tabaka hizo. Emmanuel Anati, katika maandishi yake ya mwaka 1986, alifika hata kutaja miaka 40,000. Kasoro ya hoja hii haihitaji maabara kuiona. Ngeu hupakwa mwilini, hupakwa ngozi na mipini, hupakwa maiti. Seremala wa pwani huwa na ngeu ya kupigia mstari ubaoni, wala hakuna anayedai kwamba kila penye ngeu pana picha ya twiga. Kuwapo kwa ngeu kwathibitisha kwamba watu wa Kisese walikuwa na rangi. Hakuthibitishi walipaka wapi.

Kuna njia ya pili, nayo ni kutazama mchoro upi umelala juu ya upi. Njia hii imeleta jambo moja lisilo na shaka kubwa: kwa jumla myeupe iko juu ya myekundu, basi ni ya baadaye. Akina Leakey walijaribu kugawanya myekundu pia katika mitindo mingi iliyofuatana, lakini mpango wao haukukubaliwa na wote, kwa maana mtindo mmoja huonekana chini katika pango hili na juu katika pango lile. Fidelis Masao, ambaye alichimba mapango kadhaa ya nchi ya kati, likiwamo moja la Kandaga, na kutoa kitabu chake mwaka 1979, aliyashughulikia madai hayo kwa tahadhari iliyokuwa imekosekana kabla yake.

Njia ya tatu ni wanyama wenyewe. Katika michoro myembamba myekundu mifugo ni adimu mno, na wanyama pori ni tele. Huko Luxmanda, katika Mkoa wa Manyara, kumepatikana makao ya wafugaji wa ng'ombe, kondoo na mbuzi yenye umri wa miaka kama 3,000. Nako si mbali na Kondoa. Kama wachoraji wekundu walichora walichokiona, basi yaelekea sehemu kubwa ya kazi yao ilitangulia mifugo kuenea katika nchi hiyo. Neno "kama" lisisahauliwe hapa. Wachoraji wa mahali pengi duniani hawakuchora walichokula wala walichofuga, bali walichokiwazia na kukiheshimu, na mwindaji aliyeishi jirani ya zizi aweza kumchora pofu maisha yake yote.

Hata hivyo, kwa upande wa elimu ya mambo ya kale, huo ndio mzigo wote: kima cha juu kisichojulikana, kima cha chini kinachofika karibu na siku zetu, na katikati mfuatano wa nyekundu kisha nyeupe. Ni kidogo kuliko tarakimu zinavyovuma.

Upande wa simulizi una matatizo yake, nayo si ya Kondoa peke yake. Mfano uliojadiliwa kuliko yote duniani ni ule wa Waisraeli wa kale. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, imeandikwa kwamba Sulemani alianza kujenga hekalu mwaka wa nne wa utawala wake, na kwamba ulikuwa mwaka wa 480 tangu wana wa Israeli watoke Misri. Tarakimu hiyo ni wazi kabisa, na wengi waliihesabu nyuma wakapata karne ya 15 kabla ya Kristo. Ila 480 ni 12 mara 40, na 40 katika vitabu hivyo ndiyo hesabu ya kizazi, na ya jangwa, na ya mvua ya gharika. Yamkini mwandishi hakuwa akihesabu miaka; alikuwa akisema vizazi kumi na viwili, na mtu mwingine akavigeuza miaka. Kizazi cha kweli hakifiki miaka 40. Ukikipa 25 unapata 300, na safari nzima inasogea karne mbili mbele. Nje ya Biblia, jina la Israeli laonekana kwanza katika jiwe la mfalme Merneptah wa Misri, la mwaka 1208 hivi kabla ya Kristo, lililogunduliwa na Flinders Petrie mwaka 1896. Jiwe hilo lasema tu kwamba watu hao walikuwapo Kanaani. Halisemi walitoka wapi. Na huko Yeriko, John Garstang, aliyechimba kati ya 1930 na 1936, alisema ameuona ukuta ulioanguka siku za Yoshua, mpaka Kathleen Kenyon alipochimba tena kuanzia 1952 hadi 1958 na kuonyesha kwamba ukuta huo ulianguka karibu miaka elfu moja kabla ya wakati uliodhaniwa. Garstang hakuwa mjinga. Alikwenda na tarehe mkononi, akatafuta ukuta wa kuivika.

Wanahistoria wa Afrika ya Mashariki walipoanza, hasa katika miaka ya 1950 na 1960, kuandika habari za falme za Maziwa Makuu, walitumia kipimo hichohicho cha vizazi. Walikusanya majina ya wafalme wa Bunyoro, Ankole na Buganda, wakavipa vizazi miaka 27 au 30, wakahesabu nyuma. Walifurahi sana kupata simulizi ya jua kupatwa huko Biharwe, kwa sababu wanajimu waliweza kuitaja siku ya mwaka 1520 inayofaa. Lakini mwaka 1974 David Henige alichapisha kitabu kizima cha kuonyesha jinsi orodha za wafalme zinavyorefushwa na kufupishwa: ndugu hugeuzwa mtoto na baba, mfalme aliyechukiwa husahauliwa, na mwenye cheo kipya hutafutiwa babu wa kale. Onyo lake limewatuliza wengi.

Onyo hilo lisichukuliwe hata hivyo kuwa ruhusa ya kuitupa simulizi kila inapokosana na jembe. Habari za Kilwa zafundisha kinyume chake. Tarehe za kale za Kilwa, kama zilivyosomwa kwa muda mrefu, ziliweka mwanzo wa watawala wa Kishirazi katika karne ya 10. Neville Chittick, baada ya kuchimba Kilwa, alisema mwaka 1965 kwamba hilo haliwezekani, na kwamba Ali bin al-Hasan, ambaye sarafu zake zimejaa huko, alitawala mnamo mwaka 1200. Karibu wote walimfuata. Kisha mwaka 1984 hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 ikafukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba; zilikuwamo za Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Wafatimi ambazo ya mwisho wake ni ya mwaka 1066. Basi Ali akarudishwa katika karne ya 11, karibu zaidi na simulizi kuliko na mchimbuzi. Simulizi haikuwa sahihi kwa mwaka, lakini wale walioikana walikosea kwa zaidi ya karne moja.

Kondoa haina orodha ya wafalme wala sarafu. Ina simulizi ya namna nyingine, na hapo ndipo jambo lenyewe linapokuwa na utamu. Wairaki wa Mbulu husimulia kwamba zamani walikaa katika nchi iitwayo Ma'angwatay, ambayo kwa kawaida huaminiwa kuwa ilikuwa upande wa Kondoa. Kiongozi wao aliitwa Haymu Tipe. Nchi ilikuwa na neema, vijana walikuwa wengi na wenye nguvu, wakachoka kukaa bure, wakamshurutisha kiongozi wao awatafutie adui wa kupigana naye. Wakaletwa Watatoga. Vijana wakashindwa, na Haymu Tipe akakimbia na watu wake kwenda kaskazini, kituo kwa kituo, hata wakafika Irqwar Da'aw, ambayo ndiyo nchi yao ya asili katika Mbulu.

Simulizi hii ya kutoka ina nchi, ina kiongozi, ina adui na ina vituo vya safari, ila haina mwaka hata mmoja. Robert Thornton, aliyeandika juu ya Wairaki mwaka 1980, alitoa maelezo ambayo bado hayajapata jibu la kutosha: kwamba simulizi zao hupanga mambo kwa mahali, wala si kwa wakati. Kituo hufuata kituo kama hatua njiani, na kati ya kituo na kituo msikilizaji haambiwi kama umepita mwezi au umepita umri wa watu watatu. Ni kazi bure, basi, kumtaka msimulizi wa Ma'angwatay atoe karne. Hakuficha karne, hakuwa nayo, kama ramani isivyo na saa.

Wageni wa zamani hawakuvumilia pengo hilo, na walilijaza kwa Biblia. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1904 kitabu kikubwa juu ya Wamasai, akadai kwamba hadithi zao za uumbaji na gharika zimetoka katika asili moja na za Waebrania. Haikumjia sana akilini kwamba watu waweza kusikia hadithi za Biblia kutoka kwa wageni kisha wakazisimulia kama zao, na kwamba muulizaji aulizaye juu ya gharika hupewa gharika. Kwa Wairaki, Wagorowa, Wasi na Waburunge kulitumika jina la "Wahamiti", jina la mtoto wa Nuhu, na kwa jina hilo kila kitu kizuri kilichoonekana katika nchi kilihesabiwa kuwa kimeletwa kutoka mbali. Jambo hili halijafa. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya mifupa ya mtu mmoja wa Luxmanda, wa miaka kama 3,100 iliyopita, ambaye zaidi ya theluthi ya nasaba yake ilifanana na ya wakulima wa kale wa Shamu. Wako watakaolisikia neno Shamu wakamkumbuka Merker. Lakini wakulima hao walikuwa hai maelfu ya miaka kabla ya kuwapo mtu aliyeitwa Mwisraeli, na damu hiyo yaelekea ilipitia watu wengi wa Afrika ya Kaskazini-Mashariki kabla ya kufika Manyara. Haihusiani kabisa na Kutoka.

Yuko shahidi wa tatu ambaye wachimbuzi humwita mara chache, naye ni lugha. Kiiraki, Kigorowa, Kialagwa (ambacho Warangi hukiita lugha ya Wasi) na Kiburunge ni ndugu wa tumbo moja, na mwaka 2003 Roland Kießling na Maarten Mous walitoa kitabu cha kuyajenga upya maneno ya mama yao. Ukitazama ramani, Kiiraki na Kigorowa, vilivyo kaskazini, vinakaribiana kiasi kwamba wasemaji wake husikilizana. Bali Kialagwa na Kiburunge, vilivyo Kondoa na Chemba, vimetofautiana zaidi. Kanuni inayojulikana katika elimu ya lugha ni kwamba mahali penye tofauti nyingi ndipo aghalabu lugha ilipokaa muda mrefu, na penye kufanana ndipo ilipoenea karibuni. Kwa kipimo hicho safari ilitoka kusini kwenda kaskazini, kama vile wazee wa Mbulu wanavyosema. Lugha haitoi mwaka, wala hawa wanaojaribu kuzitolea lugha miaka kwa kuhesabu maneno yaliyopotea hawajafaulu kumshawishi kila mtu. Ila inatoa mwelekeo, na mwelekeo huo ndio hasa simulizi iliyoudai. Ma'angwatay haithibitiki kwa jembe, na pengine haitathibitika kamwe, lakini haiwezi tena kuitwa ngano tupu.

Kirangi nacho kina ushahidi wake. Ni lugha ya Kibantu, lakini katika nyakati fulani za kitenzi, hasa za mambo yajayo, huweka kitenzi-jina mbele na kitenzi kisaidizi nyuma, kinyume cha Kiswahili na cha Kibantu kilicho kingi. Jirani yake Kimbugwe hufanya vivyo hivyo. Wengine wamesema hili limetoka kwa majirani wa Kikushi. Wengine wanatafuta sababu zake ndani ya Kibantu chenyewe, na hoja zao si dhaifu. Kama wa kwanza wana haki, basi Warangi waliishi na Wakushi muda mrefu wa kutosha kubadili mpango wa sentensi, jambo ambalo halitokei kwa ujirani wa sokoni; huja kwa kuoana na kwa watoto kulelewa katika lugha mbili.

Hilo linaafikiana na yanayofanyika Kolo penyewe. Warangi ndio wengi, lakini ujuzi wa mvua umehesabiwa tangu zamani kuwa mali ya Wasi, na Warangi huwaendea. Henry Fosbrooke aliandika mwaka 1958 juu ya tambiko la kubariki mwaka, linalohusu watu hao wote wawili. Katika tambiko la namna hiyo mgeni wa nchi humkubali mwenyeji wake kuwa mwenye mvua. Ni namna ya kutunza, bila tarehe, kumbukumbu ya nani alitangulia. Mwanahistoria aliyezoea karatasi hulipita jambo hilo kama mila tu. Kwa kweli ni hati, ila imeandikwa kwa kazi walizogawiana watu.

Wasandawe, walio upande wa kusini-magharibi, ambao leo wengi wao wamo katika Wilaya ya Chemba, wamo katika hesabu hii kwa sababu nyingine. Lugha yao ina sauti za kualika kwa ulimi, haina uhusiano na Kibantu, na watu wengi wamewafikiri kuwa wazao wa wachoraji wekundu. Eric ten Raa, aliyekaa kwao na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1969 na 1971, alieleza kwamba uchoraji haukuwa jambo geni kwao katika siku zake, akauhusisha na uwindaji, na tambiko, na ngoma iitwayo simbo. Imogene Lim naye, katika tasnifu yake ya mwaka 1992, aliwatazama Wasandawe na mapango yao pamoja. Basi kima cha chini cha michoro kimefika hadi kumbukumbu za watu walio hai au walioishi karne iliyopita, wakati kima cha juu bado kinaelea penye maelfu. Hakuna haja ya kuchagua kimoja. Kanisa lililojengwa karne ya 12 na kupakwa rangi mwaka jana lina tarehe zote mbili.

Jambo hili lisingestahili maneno mengi kama lingekuwa la vitabu tu. Serikali ya Tanganyika iliyatangaza mapango ya Kondoa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1937. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliendeleza ulinzi huo. Sheria za namna hiyo hulinda kitu kwa sababu ya ukale wake, na kwa hiyo tarehe ina nguvu ya kisheria. Kadiri mchoro unavyosemwa kuwa wa kale zaidi, ndivyo unavyoonekana kuwa mali ya watu waliokwisha kutoweka, na ndivyo mzee anayenyunyiza pombe ya tambiko mwambani anavyoonekana kuwa mharibifu. Emmanuel Bwasiri, katika makala yake ya mwaka 2011 juu ya Mungomi wa Kolo, amelieleza tatizo hili kwa upana: mlinzi aona pombe juu ya rangi, mtambikaji aona mlinzi kati yake na mvua. Wote wawili husema wanalinda.

Mwaka 2006 UNESCO iliyaandika mapango ya Kondoa, katika eneo la kilometa za mraba 2,336, kuwa urithi wa dunia, na kati ya sababu zilizotajwa ni kwamba mapango hayo bado yana kazi katika maisha ya watu wa leo. Kwa karatasi, basi, simulizi na tambiko vimepewa cheo sawa na ukale. Kwa vitendo cheo hicho ni kigumu kukitumia, maana pombe kweli huharibu rangi, na rangi ikiisha haitarudi. Walakini ni kosa kudhani kwamba tambiko ndilo adui mkubwa. Imeripotiwa kwamba katika baadhi ya mapango watu wamechimba mashimo wakitafuta mali waliyoamini ilifichwa na Wajerumani wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Hiyo nayo ni simulizi, changa na yenye tarehe kamili, nayo imeziharibu tabaka za udongo ambazo pengine zingemsaidia mchimbuzi kuliko simulizi zote za mvua zilivyowahi kumzuia.

Kazi iliyobaki ni nyingi, na sehemu yake kubwa si ya jembe. Kialagwa kinapungua, watoto wengi wa Wasi husema Kirangi na Kiswahili, na maneno ya tambiko ndiyo ya kwanza kutoweka, kwa kuwa hayatumiki sokoni. Majina ya vilima, vijito na mapango ya kuzunguka Kolo yangepasa kukusanywa yote, kila jina na lugha yake, na kutengwa yale ambayo Warangi huyatamka bila kujua maana. Jina la mahali ambalo halina maana katika lugha ya wakaao hapo limeachwa na waliotangulia. Likichanganuka kwa Kialagwa, ni tabaka moja. Likikataa Kirangi na Kialagwa pia, na kukubali Kisandawe, ni tabaka la chini zaidi. Na likizikataa zote tatu, huenda limetoka kwa wale waliomchora twiga. Kazi hiyo yaweza kuanza sasa, kwa daftari na wazee wachache wa Kolo, na haihitaji kibali cha kuchimba.